Lango, Hewa, na Mlinzi Wetu

Katika mji wetu wa Lubumbashi, mtu akiisha kujenga vyumba viwili na kuviezeka mabati, jambo analolifikiri kwanza si vitanda wala meza, bali lango. Humwita fundi wa kuchomelea chuma, naye fundi humtengenezea lango zito ambalo pengine bei yake yapita vyote vilivyomo ndani ya ua. Shule tunamofundisha haikuiacha desturi hiyo. Lango letu lina milango miwili, kila mmoja upana wa mita mbili na sentimeta kumi, wa bati nene juu ya fremu ya chuma. Tangu zamani lilifunguliwa na mlinzi mmoja, mtu aliyekwisha kupita miaka sitini, ambaye wanafunzi wote humwita Baba. Tulijua kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa mchimbaji huko Kipushi, mpaka mgodi ule uliposimama mwaka 1993. Zaidi ya hayo hatukumwuliza, na sasa twaona haya kulisema.

Wakati wa masika udongo hulainika, nguzo huinama kidogo, na milango huburuta chini. Asubuhi moja ya mwezi wa pili gari la unga lilikuja, mlinzi akausukuma mlango wa kulia kwa bega, kisha akakaa chini matopeni akishika kiuno. Wanafunzi wetu wa ufundi walikimbia kumwinua. Walikuwa sita. Adhuhuri mmoja wao akatuuliza: “Mwalimu, milango ya mabasi makubwa hujifungua kwa hewa. Kwa nini lango letu lisijifungue?”

Swali la mtoto lisipojibiwa mara moja humtesa mwalimu usiku. Tulifikiri kwanza mota ya umeme, lakini umeme mtaani kwetu hukatika bila kuaga, na lango lililofungwa na mota iliyokufa ni ukuta. Hewa iliyoshindiliwa, yaani hewa iliyosongwa kwa nguvu katika chombo hata ikataka kutoka, ina sifa nyingine: ukiisha kuiweka katika tangi wakati umeme upo, hungoja humo. Umeme ukienda zake, hewa bado ipo.

Tulikumbuka somo tulilopewa seminarini tungali vijana. Mwalimu wetu wa fizikia alileta bomba la baiskeli, akatuambia tuzibe tundu kwa kidole gumba, na mwenzetu asukume mpini. Mpini ulikwenda chini kwa shida, na ulipoachwa ukarudi juu wenyewe, tukacheka. Akauliza: “Nguvu hiyo iliyourudisha mpini, ni ya nani?” Tukajibu kwamba ni ya hewa. Akakana. Ilikuwa ya yule kijana aliyesukuma. Hewa ilikuwa imeitunza tu kwa muda, kama mtu aliyewekewa amana. Neno hilo tulilijua kwa kichwa tangu siku ile. Kulijua kwa mwili kulichukua miaka mingi zaidi.

Wanafunzi walidhani kwamba lango la kujifungua ni jambo la siku hizi. Tuliwapa habari za Heron wa Alexandria huko Misri, aliyeishi katika karne ya kwanza. Yeye aliandika jinsi ya kuifungua milango ya hekalu bila mtu kuigusa. Moto uliwashwa juu ya madhabahu. Hewa iliyokuwamo ndani ikapata joto na kutanuka, ikayasukuma maji yatoke katika chombo kimoja na kuingia katika ndoo iliyotundikwa. Ndoo ikawa nzito, ikashuka, ikavuta kamba zilizozungushwa penye mihimili ya milango. Moto ulipozimwa hewa ilipoa na kusinyaa, maji yakavutwa kurudi, na uzito mwingine ukaifunga milango. Watu waliosimama nje hawakuona kamba wala ndoo. Vijana wetu walilipenda jambo hilo kupita kiasi, na kwa siku kadhaa hatukuweza kuwafundisha kitu kingine.

Basi tukaanza. Silinda mbili za hewa tulizipata kwa wauza vyuma chakavu, zilizotolewa katika mashini fulani ya kufungia mizigo. Kila moja ilikuwa na kipenyo cha sentimeta 5, na pistoni yake ilikwenda sentimeta 50. Kompresa tuliitoa katika friji iliyokufa: ni ndogo, husukuma polepole, na hutema mafuta kidogo pamoja na hewa, lakini haina kelele. Tangi lilikuwa la breki za lori, lita 50. Malori makubwa yapitayo hapa kuelekea Kasumbalesa yote yana tangi la namna hiyo chini ya tumbo.

Ndilo tangi lililomleta mlinzi. Siku zile alikuwa akituangalia kwa mbali tu. Jioni moja alikuja, akachuchumaa, akaligonga kwa nyundo ndogo huku na huku akisikiliza, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Kisha akaifungua koki ya chini. Yakatoka maji mekundu ya kutu. “Hili lisijazwe hewa,” akasema. Tukamwuliza amejuaje. Akatujibu kwa upole kwamba huko Kipushi alifanya kazi miaka kadhaa na mashini ya kutobolea mwamba, ile inayoendeshwa na hewa, na hewa ile ilikuja kwa mabomba kutoka juu. Alikuwa ameishi na hewa iliyoshindiliwa kuliko sisi tulivyosoma juu yake.

Sisi tulikuwa na vitabu, tukaona fahari kutaja kwamba mashini kama hizo zilitumika katika kuchimba njia ya reli chini ya milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia, kazi iliyoanza mwaka 1857 na kumalizika mwaka 1871. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akarudia: “Lijazeni maji kwanza.”

Hapo ndipo tulipoona akili yake. Tangi likijazwa maji pomoni na kusongwa, maji hayakubali kushindiliwa. Hayatunzi nguvu nyingi. Tangi likipasuka, litatema maji kidogo na basi. Lakini tangi la lita 50 lililojaa hewa ya bari 6 limetunza nguvu iwezayo kumwinua mtu wa kilo 60 zaidi ya mita 30 juu, na likipasuka huitoa yote kwa mara moja, pamoja na vipande vya chuma. (Bari moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja juu ya kila sentimeta mraba.) Tuliazima kwa fundi wa mabomba ya maji ile pampu yake ya mkono ya kupimia, tukalijaza tangi maji, tukasukuma. Mshale wa saa ulipofika bari 4, penye mshono wa chini palitokea tone. Likaanguka. Likaja jingine. Vijana sita walitazama matone yale kimya. Tulinunua tangi la pili, tukalisukuma kwa maji hata bari 9, wala halikulia.

Jioni ile mlinzi alipokuwa akinawa mikono alituuliza: “Mwalimu, kazi hii ikiisha, mimi nitakwenda wapi?”

Tulimjibu kwa kicheko kwamba twataka kusaidia kiuno chake tu. Lakini siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumekaa katika kamati ya wazazi, na mmoja wao alikuwa ameandika mshahara wa mlinzi kwenye karatasi, akauzidisha kwa miezi kumi na miwili, akasema: “Lango likijifungua, fedha hizi zitanunua madawati.” Wengine waliitikia kwa vichwa. Sisi tulinyamaza, maana tulikuwa tunahitaji fedha kidogo za kununua valvu, na aliyekuwa akiongea ndiye mweka hazina. Hayo hatukumwambia mlinzi.

Tena tulitaka lango liwe la kujiendesha kweli, lisihitaji mkono wa mtu. Ndani ya ua, njiani, tulilaza bomba la mpira lililozibwa upande mmoja. Gurudumu la gari likilikanyaga, pumzi ya hewa hukimbia hata mwisho wa pili, ikavimbisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nacho husukuma valvu, na milango hufunguka. Tulitaka kulaza jingine kwa nje. Mlinzi akauliza kama wezi hawana magurudumu. Tukaliacha, kwa nje tukaweka kitasa chenye ufunguo. Na ili milango ijifunge, tulitengeneza saa ya hewa: chupa ndogo ya chuma iliyojazwa polepole kupitia tundu jembamba sana. Baada ya nusu dakika chupa hujaa, valvu hugeuka, milango hujifunga. Hapana umeme hata kidogo katika kazi hiyo isipokuwa ule wa kompresa. Twakiri kwamba tuliipenda chupa ile kama mtu anavyoupenda mstari mzuri aliouandika mwenyewe.

Nguvu tuliipiga hesabu ubaoni pamoja na darasa zima. Duara la kipenyo cha sentimeta 5 lina eneo la sentimeta mraba karibu 20; kwa bari 6 pistoni husukuma kama kilo 120. Lakini silinda imefungwa karibu na bawaba, kwa sentimeta 35 tu, na mlango una sentimeta 210. Kwa hiyo ukingoni nguvu hubaki sehemu moja ya sita, yaani kilo 20. Kilo 20, tulisema, ni mfuko mdogo wa unga. Hatukuongeza kwamba mlango wenyewe ni mzito, na ukiisha kushika mwendo hausimami upesi. Wala kwamba milango ni miwili, na hukutana.

Siku ya kuwaonyesha wazazi mambo yalikwenda vizuri. Gari la mgeni lilikanyaga bomba, hewa ikapiga mluzi, milango ikafunguka, watu wakapiga makofi. Kamati ikakata shauri siku ileile: mlinzi aambiwe kwamba mwisho wa muhula kazi yake itakoma. Tuliambiwa sisi tumpashe habari, kwa kuwa alikuwa rafiki yetu. Tukaahirisha siku moja, kisha ya pili.

Siku ya tisa, saa sita mchana, gari lilitoka na lango likabaki wazi kwa nusu dakika yake. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakitoka mbio. Mmoja wao, wa miaka sita, kiatu kilimvuka katikati kabisa ya njia, akarudi, akainama. Chupa yetu ikajaa. Milango ikaja kutoka kushoto na kulia kwa mwendo uleule ulioshangiliwa na wazazi, ikamkuta anainuka, ikambana kifuani.

Tulikuwa barazani. Mkono wa kuifunga hewa ulikuwa ndani ya ghala, hatua 30 kutoka pale, na ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwetu, maana tulichelea wanafunzi wasije wakachezea valvu. Tulikimbia. Vijana wawili waliivuta milango kwa mikono, wakaisogeza upana wa vidole, ikarudi tena. Mlinzi hakuivuta milango. Alilikamata bomba la mpira liletalo hewa, akalikunja, akalikanyaga penye kunjo kwa goti, kisha kwa panga yake akalikata upande wa kuelekea silinda. Hewa iliyokuwa ndani ya silinda ikatoka kwa kishindo, na milango ikalegea papo hapo kama mikono ya mtu aliyelala. Mtoto akaanguka mbele, akalia. Sauti ile ya kilio tuliifurahia kuliko makofi yote.

Baadaye alitueleza: bomba lenye hewa ukilikata bila kulikunja kwanza, huruka kama nyoka na kupiga watu, ukilikunja bila kulikata, hewa iliyokwisha kupita hubaki pale ilipo na kuendelea kusukuma. Kwa hiyo ni lazima yote mawili, na kwa taratibu hiyo. Hakuna kitabu chetu hata kimoja kilichokuwa na maneno hayo.

Katika zahanati walimkuta mtoto mbavu zake nzima, amevilia damu tu kifuani. Jioni tulikwenda nyumbani kwao. Mama yake alitupa kiti, wala hakupaza sauti. Aliuliza neno moja: “Mwalimu, mashini yenu ilikuwa inaona?”

Tukamjibu hapana.

Mwezi mzima lango lilifunguliwa kwa bega kama zamani, sisi na vijana tukisaidiana na mlinzi. Wakati huo tulilitengeneza upya, na kazi hii ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa hatukutafuta nguvu; tulitafuta udhaifu. Tulifunga kipunguza msukumo kati ya tangi na silinda, kiipe kila pistoni bari 2 tu. Hesabu ileile sasa ilitoa kilo 40 penye silinda, na ukingoni mwa mlango kilo 6 au 7, ambazo mtoto wa darasa la tatu aweza kuzizuia kwa mikono. Lakini siku ya kwanza ya upepo lango dhaifu lilishindwa: upepo ulilisukuma bati kama tanga la jahazi, milango ikasimama njiani. Vijana walitaka kuongeza bari. Tukakataa, tukayang'oa mabati, tukaacha nondo. Upepo hupita sasa. Wazazi wengine walinung'unika kwamba wapita njia wataona ndani ya shule, na waone.

Penye tundu la kutokea hewa tuliweka skrubu ya kulibana, ili pistoni isiweze kukimbia. Tulipima kwa miili yetu. Sisi tulisimama kwanza kati ya milango, kisha mlinzi, kisha wale sita mmoja mmoja. Jambo ambalo hatukulitazamia ni hili: lango dhaifu halili hewa nyingi. Lile la kwanza lilichoka baada ya kufunguka na kufungwa mara tano au sita. Hili la sasa, tangi likiwa limejaa bari 6, huenda mara 15 na zaidi bila umeme.

Chupa ya kuhesabu nusu dakika tuliitoa. Mahali pake pana mkono wa valvu wenye springi, uliofungwa kwenye nguzo fupi mahali ambapo mtu aliyeushika huiona njia yote. Akiuvuta, lango hufunguka; akiusukuma, hufungwa; akiuachia, hurudi katikati wenyewe, na hapo hewa hutoka katika pande zote mbili za silinda, milango ikawa mitupu, kila mtu aweza kuisukuma kwa kidole. Mjue kwamba breki za reli alizozivumbua George Westinghouse wa Marekani zilifanywa hatimaye kinyume cha hivyo: hewa ikipotea bombani, breki hukamata. Ndivyo ipasavyo kwa treni. Kwa lango lililombana mtoto, hewa ikipotea ni lazima kila kitu kilegee. Fundi aulize kwanza hewa ikikosekana itakuwaje. Sisi tuliuliza mwisho.

Mkono ule unahitaji mtu, tena mtu anayetazama. Hilo tulilisema mbele ya kamati, pamoja na lile tulilolinyamazia mwanzo. Mweka hazina aliuliza kama basi tumetumia fedha na miezi mitano ili tubaki na mlinzi yuleyule. Tulimjibu ndiyo, ila sasa hainui kitu kizito. Hawakufurahi wote. Walikubali abaki mpaka mwisho wa mwaka wa shule, kisha wataangalia tena. Na twajua kwamba karatasi ile ya hesabu ya mishahara bado imo katika daftari.

Naye mlinzi tulimwambia yote, hata yale ya kikao cha kwanza. Alisema alikuwa amekwisha kujua, kwani mtu anayekaa langoni husikia maneno ya watu wakitoka. Kila asubuhi kabla ya kengele huifungua koki ya tangi na kutoa maji, maana hewa ya masika ina unyevu, na ikishindiliwa hutema maji, nayo maji huzaa kutu. Siku za Jumamosi huwakusanya wale vijana sita na kopo la maji ya sabuni, wakapaka kila kiungo na kutafuta mapovu. Juma lililopita walipata mapovu madogo kwenye silinda ya kushoto, penye mpira wa pistoni. Jumamosi ijayo tutaifungua, na yeye ndiye atakayetuonyesha namna ya kukata ngozi mpya.